Namna ya Kusoma Ripoti ya Tabianchi Ukiwa Umekaa Kando ya Mbabula

Kwanza tafuta mahali pa kukaa. Ripoti ya tabianchi ya kampuni kubwa haisomwi ofisini chini ya kiyoyozi. Ukiisomea huko utaipenda bure. Beba kigoda utoke uani saa kumi na mbili jioni, kuran, yaani umeme, ikiwa imekatika mtaa mzima, mtu akipepea mbabula, jiko letu la mkaa, ili sufuria ya bukari ipate moto. Washa simu, kama bado ina chaji, ufungue ripoti. Ukurasa wa kwanza utakuonyesha mche mdogo umeshikwa na viganja viwili vyenye udongo mweusi. Utazame vizuri mche huo, kisha geuka ulitazame gunia la makala, yaani mkaa, lililoegemea ukuta. Hapo umeanza kusoma.

Naandika mwongozo huu nikiwa Katuba, mjini Lubumbashi, kwa sababu ripoti hizi zinatuhusu sisi kabla hazijamhusu mtu mwingine. Zaidi ya nusu ya kobalti yote inayochimbwa duniani inatoka katika ardhi yetu ya Katanga, na kwa shaba Kongo sasa inaifuata Chile. Madini hayo ndiyo yanayoingia kwenye betri na nyaya za magari ya umeme, magari ambayo dunia inayategemea ipunguze moshi wake. Karibu kila kampuni kubwa inayoligusa jiwe letu hutoa kitabu kila mwaka kueleza inavyopambana na joto la dunia. Vitabu hivyo viko kwa Kiingereza, vingine kwa Kichina, vichache kwa Kifaransa. Cha Kiswahili, lugha ya shimoni, ya kantini na ya msibani, sijakabidhiwa hata kimoja.

Majirani zangu wengi huvipuuza. "Ni maneno ya wakubwa," wanasema, wanaendelea na safari. Hapo nawapinga kwa moyo wote. Ahadi iliyotolewa kwa mdomo kwenye baraza la kijiji hupeperuka na vumbi la gari la aliyeitoa. Ahadi iliyochapishwa, yenye mwaka na tarakimu na sahihi ya mwenyekiti, ina mahali pa kuishika.

Anzia nyuma

Ruka barua ya mwenyekiti. Ruka picha ya watoto wenye sare mpya mbele ya bomba la maji. Ruka ukurasa wa rangi ya kijani wenye neno moja tu kubwa katikati. Nenda moja kwa moja mwisho wa kitabu, kwenye majedwali yenye maandishi madogo kama mchele, kisha peleka kurasa hizo mbili tatu kwenye kibanda cha fotokopi wakuchapishie. Karatasi inavumilia vidole vyenye masizi, na unaweza kuandika pembeni.

Tafuta mistari mitatu. Kanuni inayofuatwa karibu kote duniani, ile inayoitwa GHG Protocol, ilitolewa mwaka 2001 na taasisi mbili, World Resources Institute na World Business Council for Sustainable Development, nayo inagawa gesijoto za kampuni katika mafungu matatu. Fungu la kwanza ni moshi unaoutoa mwenyewe: dizeli ya malori ya shimoni, tanuru, jenereta. Fungu la pili ni moshi uliotoka kwa mtu mwingine akikutengenezea umeme unaoununua. Fungu la tatu ni kila kilichobaki: asidi na chokaa uliyoagiza, malori ya kukodi, meli, viwanda vinavyosafisha bidhaa yako na watu watakaoitumia.

Nilijaribu kumweleza haya mwanamke anayeuza makala kwenye kona yetu, ambaye mtaani tunamwita Mama Makala. Nilimwambia: fungu la kwanza ni moshi wa mbabula yako, fungu la pili ni moshi wa jirani aliyekupikia ukamlipa, fungu la tatu ni moshi wa aliyekuletea unga, na wa aliyesaga unga, na wa mgeni aliyeondoka na sahani yako akaenda kuipasha moto kwake. Alielewa haraka kuliko wanafunzi niliowahi kuwafundisha. Akapangusa mikono kwenye kitenge, akachukua ile karatasi, akaitazama juu mpaka chini.

"Sasa miye niko mu fungu gani, papa?"

Nilipitisha kidole kwenye mistari yote. Sikumwona. Swali lake ndilo lililonifanya niandike mwongozo huu, na tutalirudia.

Uliza mwaka wa msingi

Kila ahadi ya kupunguza inahitaji mwaka wa kuanzia kupima. Kampuni ikisema itapunguza nusu, iulize: nusu ya lini? Glencore, yenye migodi ya KCC na Mutanda upande wa Kolwezi, imeahidi kupunguza jumla ya gesijoto zake kwa 15% ifikapo mwisho wa 2026 na 50% ifikapo 2035, ikipimwa na mwaka 2019, na ina nia ya kufika sifuri ifikapo 2050. Umicore ya Ubelgiji, inayotengeneza malighafi ya betri na kuyeyusha upya vyuma chakavu, imeahidi sifuri ifikapo 2035 kwa fungu la kwanza na la pili. Nayo inapima kutoka 2019.

Mtu wa Lubumbashi akisikia jina la Umicore anapaswa kusimama kidogo. Kampuni hiyo ni mjukuu wa Union Minière du Haut-Katanga, iliyoundwa mwaka 1906, ile iliyoujenga mji huu ulipokuwa ukiitwa Élisabethville. Reli ilifika hapa mwaka 1910. Mwaka uliofuata tanuru la kuyeyusha shaba likawaka kando ya mto Lubumbashi, likilishwa koki iliyosafirishwa kutoka Wankie, katika Zimbabwe ya leo, na msitu wa miombo ukilisha majiko ya wafanyakazi. Bomba refu la moshi likasimama. Mpaka leo ndilo alama ya mji, na mlima wa takataka nyeusi za tanuru ulio kando yake unaonekana kutoka mbali. Mali za kampuni hapa nchini zilitaifishwa, zikawa Gécamines, miaka ikapita. Mwaka 2024 Umicore ilitia saini ushirikiano na Gécamines na kampuni yake tanzu STL ili kupata jemaniamu kutoka kwenye mlima uleule.

Sasa toka mjini uelekee kaskazini-magharibi, upande ambao upepo ulikuwa ukiusukuma ule moshi. Utaona ardhi ambayo miti haikurudi. Gesi ya salfa na vumbi la metali viliua mimea kwa miongo mingi, udongo ukabaki wazi, na watafiti wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi wametumia miaka wakijaribu majani na miti inayoweza kuvumilia shaba ili ishike ardhi hiyo. Mwaka wa msingi wa Lubumbashi ni 1911. Jedwali linaloanzia 2019 linaanza hadithi mchana, wakati nyumba ilishaungua alfajiri.

Sisemi kwamba Umicore ya leo iandike moshi wa babu yake kwenye fungu la kwanza. Kanuni haitaki hivyo, na kuna mambo hata kanuni nzuri haiwezi kuyabeba. Nasema ukurasa mmoja wa historia ungetosha, na ungetufanya tuamini kurasa zinazofuata.

Jambo jingine la kuchungulia hapa: mwaka wa msingi huhesabiwa upya. Kampuni ikinunua biashara nyingine, inairudishia ile biashara kwenye hesabu ya miaka iliyopita kana kwamba ilikuwa yake siku zote, ikiuza, inaitoa. Kanuni ndiyo inayoagiza, na ina sababu nzuri, vinginevyo mtu angepunguza moshi kwa kuuza tu mgodi. Lakini wewe msomaji weka ripoti ya mwaka juzi kando ya ya mwaka huu. Glencore ilinunua biashara kubwa ya makaa ya mawe ya kampuni ya Teck huko Kanada katikati ya 2024, na mwezi Agosti ikatangaza kwamba itaendelea kuyashika makaa ya mawe yake yote. Ukisoma kurasa za Kolwezi peke yake, utadhani unasoma habari za kampuni ya betri. Ukisoma mstari wa fungu la tatu, utaona makaa ya mawe yanayounguzwa na wateja mabara yote. Wanahisa wenyewe waliona: kwenye mkutano wa 2023, karibu 30% ya kura zilikataa ripoti ya kampuni hiyo kuhusu tabianchi.

Fuata kuran

Hapa kaa vizuri, maana hapa ndipo penye uzito.

Migodi ya Katanga hujivunia kwamba shaba yake ina kaboni kidogo kwa sababu inatumia umeme wa maji. Ni kweli, na ni jambo la kujivunia. Gridi ya Kongo inategemea maporomoko: Inga ya kwanza ilianza 1972, Inga ya pili 1982, na waya mkubwa wa karibu kilomita 1700 ukavutwa kutoka Inga hadi Kolwezi kwa ajili ya migodi, ukipita juu ya vijiji visivyojua taa. Huku kwetu kuna mabwawa ya zamani zaidi, kama Mwadingusha kwenye mto Lufira, la mwaka 1930. Kwa hiyo fungu la pili la mgodi wa hapa, kwa umeme wote unaotoka kwenye gridi hii, litakaribia sifuri. Mgodi wa Zambia, wa Chile au wa China unaotumia umeme wa makaa ya mawe hauwezi kusema hivyo.

Sasa fikiria umeme huo kama kisima. Mtaa una kisima kimoja na maji ni machache. Anakuja mtu mwenye tangi kubwa na mashine ya kuvuta, anajaza, anaondoka, halafu anaandika: mimi sikuchafua maji hata tone. Amesema kweli tupu. Lakini mama aliyekuja nyuma yake akakuta kisima kikavu ameenda mtoni kuchota maji ya matope, na yale matope hayako kwenye daftari la mtu yeyote.

Kongo nzima, ni karibu mtu mmoja tu kati ya watano anayepata umeme. Lubumbashi ni mji wenye nyaya, tena ni wa pili kwa ukubwa nchini, na bado nyumba iliyo na waya haina hakika ya kuran ya jioni. Basi tunapika kwa makala. Profesa anapika kwa makala, polisi anapika kwa makala, mhandisi wa mgodi unaotumia umeme safi akirudi nyumbani kwake anakuta makala. Msitu wa miombo unaondoka kwa magunia juu ya baiskeli, juu ya malori, kutoka upande wa Kipushi, wa Likasi, wa Kasenga, na kila mwaka wachomaji wanakwenda mbali zaidi. Matunda ya masuku na uyoga tuliokuwa tukiuziwa kando ya barabara vinafuata miti.

Nifanye hesabu mbele yako, ni fupi. Makala ni kaboni karibu tupu: robo tatu mpaka sehemu nne kati ya tano za uzito wake. Kilo 1 ikiungua hutoa hewa ukaa kama kilo 2.7 au zaidi kidogo. Lita 1 ya dizeli, mazutu kama tunavyoiita huku, hutoa karibu kilo 2.7. Kwa hiyo kila kilo ya makala kwenye mbabula yako ni sawa na lita ya mazutu kwenye lori la mgodi. Na hiyo ni kabla ya kuhesabu tanuru la udongo huko porini, ambalo kwa kila kilo 10 za kuni kavu hurudisha kilo 1 au 2 tu za makala. Nyingine zimekuwa moshi na majivu kabla gunia halijafungwa. Kama msitu ungeachwa ukue tena, moshi huo ungerudi kwenye miti. Ukikatwa na kulimwa na kukatwa tena, haurudi.

Simsingizii mgodi makala yote. Nyaya za mji zimechakaa, transfoma zinaungua, watu wengi hawana pesa ya jiko la umeme hata kuran ingekuwepo, na makala yalikuwepo kabla ya migodi ya leo. Tena kampuni zimerudisha megawati zilizokuwa zimelala. Kamoa Copper, ambayo wanahisa wake wakuu ni Ivanhoe Mines ya Kanada na Zijin ya China, iligharamia ukarabati wa Mwadingusha, na mwaka 2021 mitambo ikarudi kuzalisha megawati 78. Imegharamia pia mtambo namba 5 wa Inga ya pili, wa megawati 178. Fedha hizo ni mkopo kwa SNEL, shirika la umeme la taifa, unaorudishwa kupitia ankara za umeme, na mgodi unapata kipaumbele cha kupewa umeme huo.

Kipaumbele. Pigia mstari neno hilo kila unapokutana nalo. Halafu andika pembeni swali moja: katika megawati zilizorudi, ngapi zimekwenda mjini? Kampuni ikiwa na jibu zuri, italitoa kwa furaha, na mimi nitakuwa wa kwanza kulisifu.

Kisha rudi fungu la kwanza utafute jenereta. Gridi ikiyumba, mgodi hauwezi kusimama, basi unawasha grupu. Kamoa Copper yenyewe imeeleza hadharani kwamba kuyumba kwa gridi kumeufanya mgodi wake wa Kamoa-Kakula utegemee jenereta za dizeli na umeme wa kuagiza kupitia Zambia. Mwaka 2024 Zambia nayo ilipigwa na ukame, ikatangaza janga la taifa, bwawa la Kariba likashuka, Lusaka ikakaa gizani kwa saa nyingi kila siku. Hapo ndipo mabadiliko ya tabianchi yanapoacha kuwa sura ya kitabu na kuwa maji yaliyokosekana kwenye bwawa. Ripoti ya mwaka wa ukame ndiyo ya kuisoma kwa makini kuliko zote: linganisha lita za dizeli za mwaka ule na wa kabla yake, uone kama maelezo ya mbele yanakubali kilichoandikwa nyuma.

Fuata lori

Simama barabara ya kwenda mpaka wa Kasumbalesa asubuhi. Malori yanakwenda na shaba, yanarudi na salfa, chokaa, vipuri na mazutu. Lori likitoka hapa mpaka Dar es Salaam linatembea zaidi ya kilomita 2000. Tuseme linakunywa lita 45 kwa kila kilomita 100: hiyo ni lita 900, yaani hewa ukaa tani 2.4 hivi kwa safari moja ya kwenda. Likiwa limebeba tani 30, kila tani ya mzigo imekula kilo 80. Kama mzigo ni shaba safi, kilo 80 zimebeba shaba. Kama ni mchanga uliochujwa nusu, ambao shaba yake haifiki nusu au inazidi kidogo, basi moshi mwingine umebeba mwamba na salfa mpaka ng'ambo ya bahari. Ndiyo maana tanuru la kuyeyushia lililojengwa Kamoa-Kakula, la uwezo wa tani 500,000 kwa mwaka, ni habari njema kwa hewa na kwa barabara, na ndiyo maana reli ya kwenda bandari ya Lobito inazungumzwa sana. Lakini yote haya hayaonekani kama malori ni ya kukodi na kampuni imeamua kuonyesha fungu la kwanza na la pili peke yake.

Uliza pia nani anauhesabu mgodi wenye baba wengi. Kanuni inaruhusu kampuni kuhesabu kwa sehemu ya hisa zake, au kuhesabu tu migodi inayoiendesha yenyewe. Mgodi ukiwa na wenye hisa watatu, kila mmoja akachagua njia yake, kuna moshi unaoweza kuhesabiwa mara mbili na mwingine usiohesabiwa kabisa, na wote wakawa wamefuata kanuni. Kobalti yetu ikishaondoka kama haidroksidi, sehemu kubwa inasafishwa China, kwa umeme ambao zaidi ya nusu bado unatokana na makaa ya mawe. Mtengenezaji wa gari anayeisubiri mwisho wa safari anaruhusiwa kuweka wastani wa kitabuni badala ya kupima. Katanga nzima inakuwa tarakimu moja ya kukadiria.

Kuna na moshi usio na bomba. Mawe ya upande huu mara nyingi yana dolomaiti, na yakikutana na asidi ya kuyeyushia shaba yanatoa hewa ukaa, kama majivu yanavyochemka ukiyakamulia ndimu. Jaribu nyumbani, watoto watafurahi. Kisha tafuta mstari wake kwenye jedwali.

Pima vitenzi

Hili ni fupi. Chukua kalamu mbili. Kwa nyekundu zungushia kila "inalenga", "inakusudia", "itachunguza", "ina nia". Kwa buluu zungushia "ilifunga", "ilipunguza", "ilinunua", "ililipa". Ukurasa ukiwa mwekundu wote, ipe kampuni mpaka mwakani. Na ukiona "kwa kila tani ya shaba", tafuta jumla: mgodi unaweza kupunguza moshi wa kila tani huku ukiongeza tani, na anga haijui kugawanya.

Usidhani maneno hayana gharama. Oktoba 2025 mahakama ya Paris iliamua kwamba TotalEnergies, kampuni inayoongoza ujenzi wa bomba la mafuta la kilomita 1443 kutoka Hoima, Uganda, hadi Chongoleani karibu na Tanga, iliwapotosha wateja kwa matangazo yake ya kufikia sifuri ifikapo 2050. Aliyeandika sentensi ya rangi ya kijani aliitwa aieleze mbele ya hakimu.

Tafuta mto

Tani za hewa ukaa zina kasoro moja: zinafanya mambo mengine yote yaonekane hayana uzito. Novemba 2025 maji machafu kutoka kwenye hifadhi ya mabaki ya CDM, kampuni tanzu ya Huayou Cobalt, yalifurika kwenye mitaa ya Lubumbashi, na Waziri wa Migodi, Louis Watum, akaisimamisha kazi kwa miezi mitatu. Februari ya mwaka huohuo, ng'ambo ya mpaka, bwawa la mabaki la Sino-Metals lilivunjika Zambia na asidi ikaingia mto Kafue. Maji hayo hayakuongeza hata kilo moja kwenye fungu lolote kati ya yale matatu. Kiwanda kinaweza kuwa safi kwa kaboni na mama akawa hawezi kufua nguo kwenye mfereji ulio nyuma yake.

Kwa hiyo weka ripoti nyingine kando ya ile ya kampuni. AFREWATCH, shirika la hapahapa Lubumbashi, pamoja na RAID ya Uingereza, walitoa mwaka 2024 uchunguzi wao juu ya maji karibu na migodi mikubwa ya Kolwezi. Profesa Célestin Banza Lubaba Nkulu wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi na wenzake wa Leuven wamepima metali kwenye mikojo na damu za watu wa Katanga tangu kabla ya 2009. Mwaka 2020, katika jarida la Lancet Planetary Health, walionyesha kwamba hapa Lubumbashi mtoto ambaye baba yake anafanya kazi inayohusiana na madini alikuwa na hatari kubwa zaidi ya kuzaliwa na kasoro ya mwili. Huo utafiti usome polepole. Mimi niliuweka chini mara mbili kabla ya kuumaliza.

Nenda nayo barazani

Kanuni ya Madini, iliyorekebishwa 2018, inaitaka kampuni itenge 0.3% ya mauzo yake kwa maendeleo ya jamii zinazouzunguka mgodi, na iwe na daftari la majukumu lililokubaliwa na jamii hizo. Maana yake kuna vikao, kuna viti vya plastiki, kuna mtu wa kampuni aliyevaa kizibao cha kung'aa na anayelazimika kusikiliza. Usiende pale na hasira peke yake, hasira wanaijua. Nenda na ile karatasi ya fotokopi. Muulize dizeli ya mwaka huu ni lita ngapi. Muulize megawati. Muulize ile miti waliyoahidi kupanda, mingapi iko hai baada ya kiangazi cha pili, na mwende mkaihesabu pamoja. Sema kwa upole, "Baba, nisomee mstari huu," umkabidhi karatasi, unyamaze. Nimeona ukimya huo ukifanya kazi.

Jioni ile ya kwanza, nilipomaliza kumweleza Mama Makala mafungu yote matatu na nikakiri kwamba simwoni popote, hakukasirika. Alikuwa na mteja. Alimpimia kopo mbili, akaongeza kipande cha juu kama kawaida yake, akapokea franka zake. Kisha akaniomba kalamu. Nikadhani anataka kuandika deni la mtu. Akaiweka karatasi juu ya gunia, na chini ya mstari wa mwisho wa jedwali, palipobaki nafasi, akaandika kwa herufi kubwa: KATUBA, MAGUNIA 6 KWA SIKU, MIYE PEKE YANGU.

"Ile ingine kona iko na wa kwake," akasema. "Uende umuulize."

Nimeshaenda kona kumi na moja.